Majani marefu hayapikwi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ipuli hapa Tabora. Mdogo wangu alikuja kutoka Lushoto akaniletea nusu kilo ya majani ya chai ambayo sijawahi kuyaona. Si ya punje kama ya dukani. Ni marefu, meusi, yamejisokota kama nyuzi, na yana harufu nzuri mno. Shida ni kwamba nikiyapika chai haitoki. Kwanza inakuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe. Nikiiacha jikoni ikolee inakuwa chungu, ulimi unakauka, na ile harufu siioni tena. Nikiiweka kwenye chupa, ikifika saa nne ni dawa ya mizizi. Na baridi hii ya kipupwe, asubuhi hatuwezi kutoka bila chai. Je, majani ni mabovu? Tangawizi na maziwa naweza kutia? Na nikiweka asali yetu badala ya sukari nitaiharibu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na mwangaluka kwa wote hapo nyumbani. Nianze na lile linalokukosesha raha: majani yako si mabovu. Meusi, marefu, yamesokotwa, yananukia kabla hayajaguswa na maji. Hiyo ni chai ambayo wengi wetu tunazeeka bila kukutana nayo, ingawa chai tunakunywa kila siku ya Mungu. Nilifanya kazi miaka mingi katika chumba cha kuonjea chai huko Rungwe kabla sijarudi nyumbani Tabora, na maelezo yako yananitosha kujua kilichotokea jikoni kwako. Umeipika chai hii kwa kanuni ya chai nyingine.

Chai ya dukani tuliyoizoea hutengenezwa kwa mashine zenye roli za chuma zenye meno. Jani hupondwa, huchanwa na kuviringwa mpaka linakuwa punje ndogo kama ulezi. Mbinu hiyo ilianzia Assam, India, miaka ya 1930, na ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya chai ya Tanzania, Kenya na hata ya jirani zetu wa Burundi. Sifa yake ni wepesi wa kukolea. Punje imejeruhiwa kila upande, maji yanaingia mara moja, na ndani ya dakika mbili rangi imetoka karibu yote. Ndiyo maana inayavumilia maziwa mengi na tangawizi kali bila kupotea.

Jani lako halikuchanwa. Lilichumwa changa, kichipukizi pamoja na majani mawili, likatandazwa linyauke, likasokotwa, likaachwa lipate hewa mpaka likageuka rangi (kiwandani tunasema kuchachusha), kisha likakaushwa. Limejifunga lenyewe. Likikutana na maji moto linahitaji nafasi na muda wa kujikunjua kabla halijatoa kilichomo.

Sasa tuje kwenye kijiko, maana mkasa wako umeanzia hapo. Kijiko cha chai cha majani ya punje kina uzito wa gramu 3 hivi. Kijiko hichohicho ukikijaza majani marefu hakifiki gramu 2, kwa sababu majani yanaegemeana na kuacha nafasi katikati, kama kuni zilizotupwa ovyo. Kwa hiyo ulipotia vijiko vyako vya kila siku, uliweka chai pungufu bila kujua. Ikatoka nyepesi. Ukafanya ambalo kila mpishi wa chai hapa mjini angefanya: ukairudisha jikoni ikolee. Hapo ndipo ilipoharibika.

Vitu vilivyomo ndani ya jani havitoki kwa pamoja. Harufu hutangulia, na kafeini, ile inayochangamsha, nayo hutoka mapema. Tanini huja nyuma yao polepole, na zinaendelea kutoka kadiri jani linavyobaki ndani ya maji moto. Tanini ndizo zilizokukausha ulimi. Hiyo siyo uchungu peke yake, ni ukakasi, uleule unaoupata ukiuma ndizi mbichi au bibo ambalo halijaiva. Tanini hushikana na protini za mate, na mdomo unahisi mkavu hata kama umejaa chai. Ukakasi kidogo ni uhai wa chai, bila huo chai inakuwa imelala. Ukizidi, hakuna sukari itakayouondoa. Na harufu yenyewe ni kitu chepesi kinachopaa na mvuke. Sufuria ikichemka wazi, jikoni kote kunanukia chai na kikombe hakina kitu.

Kwa hiyo lishike hili moja, mengine yote yanafuata nyuma yake: ukitaka chai kali, ongeza majani, usiongeze dakika. Na majani yakishakolea, yaachane na maji.

Najua kipupwe kinatusukuma kinyume. Alfajiri ya Juni na Julai hapa kwetu nyuzi huwa 15 hivi, wakati mwingine chini yake, upepo mkavu unapita chini ya mlango, na mtu anaona chai iliyokaa motoni muda mrefu ndiyo yenye joto la kweli. Kwa majani ya punje na maziwa, haya, mazoea hayo yana nafasi yake. Kwa majani marefu joto linatoka kwenye maji na chombo, na ukali unatoka kwenye wingi wa majani.

Nitakueleza ninavyofanya mwenyewe asubuhi, kwa chai ya watu wawili. Nachukua ile chupa ndogo ya maji ya kunywa ya nusu lita, tupu, ndiyo kipimo changu. Naijaza maji mara moja namimina kwenye sufuria, kisha naongeza kikombe kimoja zaidi ambacho nitakieleza kazi yake. Maji ya bomba hapa mjini, tangu tuanze kupata ya Ziwa Victoria, ni mepesi na yanafaa sana kwa chai. Kama unatumia maji ya kisima, chungulia ndani ya birika lako: ukiona ukoko mweupe umeshika chini, hayo ni maji magumu. Chai yake inakuwa na rangi iliyofifia na juu inatanda utando unaong'aa kama mafuta. Dawa yake ni kuyachemsha maji hayo jioni, kuyaacha yatulie usiku kucha, na asubuhi kumimina yale ya juu tu, taratibu, ukiacha machicha ya chokaa chini. Unayachemsha upya. Tofauti utaiona kwa macho kabla hujaionja.

Yakianza kutokota sawasawa, mapovu makubwa, usiyaache yaendelee kuungua huku ukitafuta vikombe. Tabora ipo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,200 hivi, na kila ukipanda mita 300 maji huchemka kwa karibu nyuzi moja pungufu. Maana yake maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96, si 100. Ndugu zetu wa Kigoma mjini, walio chini kando ya ziwa, wana nyuzi 97. Ukipanda Kasulu au Manyovu zinapungua tena, na baridi ya huko inazidi ya kwetu. Nyuzi 96 zinatosha kabisa kwa chai nyeusi, lakini hazina za kupoteza. Ukisoma mahali mtu anakwambia subiri maji yapoe kidogo, huyo anazungumzia chai ya kijani, ambayo inataka nyuzi 70 hadi 80 na dakika mbili basi. Yako ni nyeusi. Maji yatoke motoni yaende moja kwa moja kwenye majani.

Na hapa ndipo kile kikombe cha ziada kinapoingia. Birika lililolala jikoni usiku wa kipupwe ni baridi kama jiwe. Ukimimina maji ya moto ndani yake, birika linakula joto la kwanza na majani yanapata mabaki. Kwa hiyo nachukua kikombe kimoja cha maji yanayochemka, nakimimina kwenye birika tupu, nafunika, nalizungusha mkononi mpaka nje linakuwa la moto, namwaga. Na vikombe navyo hivyohivyo. Ni kazi ya nusu dakika. Miezi ya joto naweza kuiruka. Juni, Julai na Agosti siiruki hata siku moja, maana nimepima kwa ulimi mara nyingi na chai ya birika baridi haifungui harufu.

Birika gani? La udongo au la kauri linashika joto vizuri zaidi. La bati lenye maua, ambalo karibu kila nyumba linalo, linafaa kabisa ilimradi enameli yake haijabanduka ndani na kuacha kutu. Chai na chuma kilichoshika kutu vinatoa rangi nyeusi ya wino na ladha ya msumari. Kama huna birika, tumia sufuria yenye mfuniko wake. Ile tu ya kupikia kitunguu iachie kitunguu.

Nikishamwaga maji ya kupasha, natia majani kwenye birika lenye joto: vijiko vinne vya chai, vilivyojaa bila kushindiliwa. Hizo ni gramu 6 au 7 kwa nusu lita. Hapo simama kidogo, funika, kisha funua na uweke pua. Majani makavu yakikutana na chombo chenye joto hutoa harufu ambayo hutaipata wakati mwingine wowote. Ya Usambara mara nyingi naisikia kama asali na maua makavu. Halafu mimina maji, funika, na ulifungie birika kitenge kilichokunjwa mara mbili au sweta la zamani. Angalia saa ya simu.

Dakika nne. Mimina kidogo kwenye kikombe, onja. Ikiwa bado, ngoja hadi tano. Zaidi ya hapo usiende. Kama kwa dakika tano bado ni nyepesi kwako, kesho ongeza kijiko cha tano.

Ukitaka kuyaona mambo haya kwa macho, siku moja fanya kwenye bilauri ya kioo, uweke dirishani jua likichomoza. Mwanzo majani yanaelea yote juu kama vijiti. Dakika ya kwanza rangi inaanza kushuka kwa nyuzinyuzi nyembamba, nyekundu ya hudhurungi, zinaning'inia kama moshi uliopinduliwa. Dakika ya pili mengine yanazama, na yanapozama yanajikunjua. Dakika ya nne utaona jani zima limelala chini, kingo zake zenye meno madogo zinahesabika, na pengine kile kichipukizi chenyewe bado kimeshikana na jani lake. Watoto wako watapenda. Ukishaliona jani limefunguka lote namna ile, hutashawishika tena kulichemsha, kwa sababu unaona wazi kwamba limeshatoa.

Kisha kuna kuchuja, na hili ndilo watu wanalolisahau kwa urahisi. Usimimine vikombe viwili na kuacha iliyobaki ikikaa na majani mpaka baba watoto atoke kuoga. Chuja yote kwa mara moja, kwenye birika la pili lililopashwa joto au kwenye chupa. Chujio la waya la kawaida linatosha. Majani usiyatupe. Majani marefu yakisokotwa vizuri yana maji ya pili: mimina tena maji yanayochemka, robo lita hivi, na safari hii yape dakika saba. Haitakuwa na nguvu ya kwanza ila inakuwa laini na ina utamu wake, na mimi kwa kweli ninaipenda hiyo zaidi ya ile ya kwanza. Ifanye asubuhi hiyohiyo. Majani yaliyolowa yakilala mpaka jioni yanachacha.

Chumbani kwa waonjaji mambo ni tofauti, nakutajia ili usije ukachanganyikiwa ukisikia. Kuna kipimo cha kimataifa kinachoitwa ISO 3103: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, dakika sita, basi. Tulikuwa tunapanga vikombe vyeupe mezani, tunachota kwa kijiko, tunavuta kwa mlio ili chai isambae mdomoni kote, tunatema. Chai ya namna ile ni kali makusudi, ili kasoro zijitokeze: moshi, unyevu, jani lililochelewa kukaushwa. Ni kipimo cha kumkamata mwenye kiwanda. Cha nyumbani ni hicho nilichokupa.

Umeuliza maziwa na tangawizi. Nitasema ukweli wangu. Ile chai ya maziwa ya watoto, inayopikwa sufuriani ikapanda mara tatu, endelea kuipika kwa majani ya punje ya dukani. Ndiyo kazi yake na inaifanya vizuri kuliko haya. Protini ya maziwa hushika tanini na kupunguza ukakasi, ndiyo sababu chai ya maziwa inavumilia kuchemshwa. Lakini maziwa hayohayo yatafunika harufu ya majani ya Lushoto, na utakuwa umeyatumia bure. Majani marefu yaache yawe chai ya rangi, ya wewe na baba watoto na mgeni anayejua kukaa. Ukitaka maziwa kidogo, yachemshe pembeni, tia kijiko kimoja au viwili kwenye kikombe baada ya kumimina.

Tangawizi inakubali, ila ipike peke yake. Twanga kipande cha urefu wa kidole gumba, kichemshe kwenye maji dakika kumi, chuja, rudisha maji yachemke, ndipo uyamimine kwenye majani. Kwa njia hiyo tangawizi inapata muda wake na jani linapata wake. Kwa chai ya maziwa, kuchemsha tangawizi kwanza kuna faida nyingine: tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa. Yule anayetia tangawizi mbichi kwenye maziwa ya uvuguvugu halafu anamlaumu muuza maziwa kwamba yameganda, mara nyingi maziwa hayana kosa. Joto la kuchemka linakiua kimeng'enya hicho.

Iliki, karafuu, mdalasini, mchaichai, vyote vizuri, lakini kwa majani haya chagua kimoja, na kiwe kidogo. Ungenisikiliza, ningekwambia wiki ya kwanza usitie chochote. Hata sukari. Onja kikombe cha kwanza kikavu, halafu ndipo uamue. Chai iliyokolezwa kwa dakika nne ina utamu wake mdogo ambao hujawahi kupata nafasi ya kuusikia. Kula nayo kitu kisichokuwa na mafuta mengi. Kwangu hakuna kinachoishinda michembe au matobolwa, ule utamu mkavu wa kiazi na chai isiyo na sukari. Mihogo ya kuchemsha vilevile.

Asali nayo. Haiharibu chai, na tukiwa Tabora ingekuwa ajabu kuiacha. Iweke tu kwa wakati wake, chai ikishafika joto la kunyweka, kwa sababu maji ya kuchemka yanaipeperushia asali harufu ya maua na kukuachia utamu mtupu. Wapo wanaosema asali ikiguswa na chai ya moto inageuka sumu, haigeuki. Inapoteza uzuri wake, basi. Chagua iliyo nyepesi rangi, isiyonuka moshi. Asali nyeusi nzito ya msitu wa miombo ni tamu kwa mkate, lakini ndani ya majani haya inatawala yenyewe. Ya nyuki wadogo ina uchachu, na kwa bei yake mimi naila kwa kijiko.

Na kwa vile ni kipupwe, pengine asali yako imeganda sasa hivi na kuwa kama samli. Watu wengi wakiiona hivyo wanasema imechanganywa sukari. Asali halisi inaganda, na inapenda kuganda zaidi katika ubaridi wa nyuzi 14 hivi, ambao ndio ubaridi wetu wa alfajiri. Weka chupa yake kwenye bakuli la maji ya moto yasiyochemka, badilisha maji yakipoa, italegea. Usiibandike motoni. Mambo mawili zaidi juu ya asali, nayasema kwa uzito. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulamba kwenye kidole, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyompooza mtoto mchanga. Na kama kuna mwenye kisukari nyumbani, asilimia 80 hivi ya asali ni sukari. Asiione kama dawa.

Chupa ya chai sasa. Ile "dawa ya mizizi" ya saa nne ilitokana na majani uliyoyaacha ndani. Chai iliyochujwa kabisa, ndani ya chupa iliyosuuzwa kwanza kwa maji ya moto, inakaa vizuri saa moja na nusu au mbili. Baada ya hapo, hata bila majani, joto la muda mrefu linaigeuza rangi ikawa nyeusi na ladha inalala. Njia ninayoipendelea mimi ni kuweka maji matupu yaliyochemka kwenye chupa na kukoleza kikombe kimoja kimoja kila mtu anapohitaji, ilimradi maji hayajakaa zaidi ya saa moja au mbili. Ya tangu usiku yameshapoa mno kwa chai nyeusi. Na nusa chupa yako kwanza. Ikiwa iliwahi kubeba uji au kahawa, tia maji ya moto, kipande cha limau na ngumi ya mchele, tikisa kwa nguvu, iache nusu saa, suuza. Kizibo kinashika harufu kuliko chupa yenyewe, kisugue peke yake.

Hili la harufu linanileta kwenye kutunza, na naomba ulichukue kwa makini maana nusu kilo ni mali. Jani la chai kavu linanyonya harufu ya chochote kilicho jirani. Mwaka mmoja nikiwa Kigoma nilinunua majani mazuri kwenye duka moja sokoni, pakiti imefungwa kwa karatasi tu, imekaa rafu ya juu ya gunia la dagaa. Dagaa wa Kigoma ni neema, ninawapenda, lakini vikombe vitatu vya kwanza nilivyokoleza vilinuka samaki, na pakiti nzima ilikuwa hivyo hadi chini. Hakuna namna ya kuirudisha. Kwa hiyo majani yako yasikae kabati moja na sabuni, vitunguu, viungo wala mafuta ya taa. Gawa: kiasi cha wiki mbili weka kwenye kopo dogo la bati lenye mfuniko unaobana, lililooshwa na kukauka kabisa, mengine yafunge kwenye mfuko wake, toa hewa kwa kuubana kwa mkono, ufunge kwa mpira, uuweke ndani ya kopo jingine, mbali na jiko na mbali na jua. Usitumie chupa ya kioo ya kuangaliwa dirishani, mwanga unayafifisha. Wala usiweke kwenye friji. Kila ukiyatoa yanashika unyevu, na friji imejaa harufu.

Hewa ya kipupwe chetu ni kavu na inakusaidia. Adui atakuja na mvua za Novemba. Kwa gramu 6 kwa siku, nusu kilo yako inakupeleka karibu miezi mitatu, kwa hiyo ukianza leo utakuwa umemaliza kabla unyevu haujafika.

Juu ya afya nitasema machache, kwa sababu baridi inatufanya tukosee. La kwanza, usinywe ikiwa inaunguza. Mwaka 2016 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani lilieleza kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya koo la chakula. Kosa ni la joto, si la chai. Kikombe kilichomiminwa sasa hivi kiache dakika kadhaa, mpaka uweze kukinywa kwa mkupuo wa kawaida bila kupuliza na bila kuvuta hewa. La pili, usinywe chai pamoja na chakula cha maharage, mlenda au mboga za majani, kwa sababu tanini zinazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo. Acha ipite saa moja. Kwa mama mjamzito na kwa mtoto mwenye upungufu wa damu hili si la kupuuza. La tatu, jioni baada ya saa kumi na mbili, kama usingizi wako ni mwepesi, chemsha mchaichai peke yake. Hauna kafeini na unapasha mwili vilevile.

Usambara anakotoka mdogo wako kuna historia ndefu na jani hili. Miche ya mwanzo ilipandwa mwaka 1904, enzi za Wajerumani, kule Amani na pia Rungwe nilikofanyia kazi. Miaka minane baadaye, 1912, reli ilifika hapa Tabora, na 1914 ikagusa ziwa Kigoma. Jani na reli vyote vipo kwetu kwa zaidi ya miaka mia, na bado chai nzuri ya milimani inasafirishwa nje, sisi tukibaki na vumbi lake. Inaniuma, na ndiyo sababu nimekujibu kwa urefu huu. Mdogo wako akirudi Lushoto, mwambie safari ijayo akuletee robo kilo tu, iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa, na aulize pale anaponunua imekaushwa mwezi gani. Robo mbili za wakati tofauti zitakuwa na harufu kuliko nusu moja iliyokaa. Na kesho alfajiri, kabla watoto hawajaamka, pasha birika kwanza.